Joto la Nyumba Hutorokea Paani

Mvua zikikatika mwezi Mei, Nyanda za Juu Kusini huingia katika miezi ambayo nyumba zake nyingi hazikujengwa kuikabili. Mji wa Njombe uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Makete iko juu zaidi, na uwanda wa Kitulo unafika takriban mita 2,600. Huko, alfajiri za Juni na Julai, majani huamka meupe kwa sakitu. Sasa tazama nyumba zenyewe: madirisha mapana, kuta ndefu, matundu ya hewa juu ya kila dirisha, bati tupu juu ya kichwa. Hiyo ni ramani ya Dar es Salaam. Pwani inafaa, maana kule nyumba inajengwa ipitishe upepo. Njombe tunahitaji nyumba inayoshika joto, na bado fundi anakabidhiwa ramani ileile.

Ndiyo maana familia inayojiandaa kwa kipupwe kwa kununua magunia ya mkaa imeanzia mwisho. Kabla ya kuwasha chochote, zuia joto ulilonalo lisitoke. Jua la mchana, jiko la kupikia na miili ya watu wanaolala ndani hutoa joto la kutosha kuibadilisha nyumba ndogo, mradi lisipotee.

Na njia yake kubwa ya kupotea ni paa. Hewa ya moto hupanda, ikagota kwenye bati. Usiku usio na mawingu, bati hutupa joto lake angani kwa kasi kubwa, hata likawa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Mvuke wa pumzi na wa chungu cha jioni ukifika pale hugeuka matone, na alfajiri yanadondoka kitandani. Wenye nyumba wengi huita fundi azibe misumari wakidhani paa linavuja, katika mwezi ambao hakuna hata wingu. Paa halivuji. Bati linatoa jasho kwa sababu chini yake hakuna dari.

Dari hufanya kazi kama blanketi: lenyewe halina moto, ila linaitega hewa ikatulia, na hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida. Kama fedha yako inatosha jambo moja tu mwaka huu, weka dari, na anza na chumba wanacholala watoto. Jipsamu ni nzuri na huziba vizuri. Mbao za msonobari, ambazo mkoa wetu umejaaliwa, zinafaa vilevile kwa sharti moja: ziwe kavu. Mbao mbichi zikipigiliwa Mei, kufika Julai zimesinyaa na kuacha nyufa unazoweza kupitisha kidole. Asiye na uwezo huo aweke hata turubai au nailoni nzito, ivutwe vizuri chini ya kenchi, mbali na jiko na taa. Nimeona pia watu wakimwaga maranda juu ya dari. Ni kweli yanahifadhi joto, lakini panya wakiguguna waya za umeme humo, moto hautachagua chumba. Siyapendekezi.

Ukishamaliza juu, panda ngazi uangalie pale ukuta unapokutana na paa. Nyumba nyingi zina mwanya hapo kuzunguka pande zote nne, na upepo wa usiku hupita kama umealikwa. Ziba kwa vipande vya tofali na udongo au saruji. Matundu ya juu ya madirisha usiyazibe yote. Acha machache, kwa kuwa chumba cha watu wanaolala kinahitaji hewa safi, na unyevu uliofungiwa ndani huzaa ukungu kwenye kuta.

Angalia na ukuta wa nje. Ukuta uliokunywa maji ya mvua hupitisha baridi kuliko ukuta mkavu, kwa hiyo gata mbovu ya Machi inakuadhibu Julai. Rekebisha gata, piga lipu chini ambako matone huruka, kisha uache jua likaushe. Jua lenyewe, katika miezi hii, hupita upande wa kaskazini. Fungua mapazia ya upande huo kuanzia saa tatu asubuhi na uyafunge kabla ya saa kumi na moja jioni. Ni joto la bure, na wengi tunaliacha nje. Anayejenga sasa aelekeze sebule na vyumba vya watoto kaskazini.

Nimeuchelewesha mkaa kwa makusudi, kwa sababu unaua. Jiko la mkaa likiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hujishika kwenye damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili unakosa hewa huku mtu anaendelea kupumua. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kuishiwa nguvu. Aliyelala huenda asizisikie kabisa. Watu husubiri moshi uishe ndipo waingize jiko chumbani, wakiamini limekuwa salama. Mkaa mwekundu usio na moshi bado unatoa gesi hiyo. Beseni la maji pembeni ya jiko nalo halisaidii lolote, maana gesi hii karibu haiyeyuki kwenye maji. Ukimkuta mtu katika hali hiyo, fungua milango, mtoe nje na umwahishe hospitali apewe oksijeni. Anayetaka moto ndani ajenge meko yenye dohani inayotoka juu ya paa.

Hita ya umeme haina gesi hiyo, ila ina gharama. Ya wati 2,000 ikiwaka saa tano inakula uniti 10 za LUKU, na ikichomekwa kwenye ekstensheni nyembamba, waya huyeyuka. Ichomeke moja kwa moja ukutani.

Neno langu la mwisho ni kwa wenye nyumba za kupanga. Mpangaji hawezi kupigilia dari katika nyumba isiyo yake, kwa hiyo anaingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango. Mbao zipo, mafundi wapo, na Mei ina siku za kutosha. Wekeni dari kabla ya Juni.