Askari wa Mwili Wanapozeeka

Wengi wetu hudhani kwamba uzee ni mvi na mkongojo. Lakini damu nayo ina wazee wake, na habari yao yawahusu sana watu waliopatwa na saratani ya mapafu. Nitaieleza kwa maneno mepesi.

Katika damu yetu mna chembe nyeupe, nazo ni askari wa mwili. Baadhi yake huitwa chembe T. Huzaliwa katika uboho wa mifupa, kisha huenda kufunzwa katika tezi iitwayo thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Huko hujifunza kumtenga mwenyeji na adui. Kazi ya tezi hiyo haikujulikana mpaka mwaka 1961, alipoigundua Jacques Miller huko London. Ajabu ni kwamba chuo hicho huanza kufungwa mapema: tangu ujana tezi hunywea na kugeuka mafuta, na mtu awapo mzee, askari wapya watokao humo ni wachache mno. Basi mwili hauna budi kuwatumia askari wa zamani, ambao hujigawa ili wawe wengi.

Kujigawa nako kuna mwisho. Ncha za kromosomu zina vifuniko viitwavyo telomea, navyo hufupika kadiri chembe inavyojigawa. Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009 kwa kueleza kazi ya vifuniko hivyo. Vikiisha kufupika mno, chembe huacha kujigawa. Haifi, hukaa tu, ikitoa kemikali zinazouwasha mwili bure.

Saratani huongeza mzigo huo, kwa maana huwashughulisha askari usiku na mchana, miezi mingi. Hapa yafaa tutenge mambo mawili. Tazameni walinzi wetu wa irondo. Kijana aliyekesha siku saba mfululizo amechoka, lakini akisaidiwa aweza kusimama tena. Mzee wa miaka 80, hata umwamshe kwa ngoma, mbio hana. Chembe T zilizochoka zina breki iitwayo PD-1, na saratani huikanyaga breki hiyo ili zisipigane. Mwaka 2018 James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipewa Tuzo ya Nobel kwa kuonyesha kwamba breki za namna hii zikiachiliwa, askari huamka. Dawa zilizotokana na kazi hiyo zimewaongezea maisha wagonjwa wengi wa saratani ya mapafu.

Lakini waliozeeka hawaamki hivyo. Mwaka 2021 watafiti wa Ufaransa walieleza kwamba wagonjwa wenye chembe T nyingi zilizozeeka walipata faida ndogo kutokana na dawa hizo. Kwa hiyo wagonjwa wawili wenye uvimbe wa namna moja waweza kupewa dawa moja, mmoja apone nafuu, mwingine asipate kitu.

Ni nini huwazeesha askari? Kwanza miaka, ambayo hakuna awezaye kuizuia. Pili moshi wa tumbaku, ambao pia huleta saratani yenyewe. Tatu maradhi yakaayo mwilini muda mrefu, kama virusi vya UKIMWI.

Hapa Rwanda hospitali ya saratani ya Butaro ilifunguliwa mwaka 2012, na matibabu ya mionzi yalianza Kanombe, Kigali, mwaka 2019. Sheria ya kuzuia madhara ya tumbaku ilitoka mwaka 2013. Hayo ni mema, lakini mgonjwa akichelewa hayamfai sana. Kikohozi kinachopita majuma mawili si cha kutibiwa kwa chai ya tangawizi. Kikitibiwa kama kifua kikuu kisiishe, yapasa kurudi kwa daktari na kupigwa picha ya kifua.

Moshi wa kuni nao hudhuru mapafu, na wanaouvuta zaidi ni mama zetu. Enyi ndugu zetu mliomaliza shule na kupata mishahara, kabla ya kununua redio kubwa, wajengeeni mama jiko lenye bomba la moshi. Nasi tulio bado madarasani, tukiletewa sigara ya kwanza, tuikatae. Dawa ya kumrudishia askari mzee ujana wake haijapatikana hospitalini. Lililo mikononi mwetu ni kutomzeesha kabla ya wakati wake.