Sikio Likivuma Bila Kelele

Umelala, taa imezimwa, jirani amefunga redio, na bado unasikia mlio: ziiii, kama nyenje aliyejificha sikioni. Mwenzako hasikii kitu. Usidhani umerogwa.

Mlio huo ni dalili, si ugonjwa wenyewe. Ndani ya sikio, penye mfereji uliojipinda kama kombe la konokono, mna vinyweleo vinavyopokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Kelele nyingi huviua, navyo haviwezi kuota tena. Ubongo ukikosa sauti ulizozoea, hujitahidi kusikiliza zaidi, na wataalamu wengi huamini kwamba hapo ndipo mlio unapozuka. Fundi mmoja wa jua kali, aliyegonga mabati kwa miaka 20, alinijia akiwa amekwisha kutumia pesa nyingi kununua matone ya kila aina. Hakuna yaliyomfaa, na mengine yalimchubua sikio.

Pengine sababu ni ndogo tu, kama nta iliyoganda, ambayo daktari huitoa kwa dakika chache (tafadhali, usiichokoe kwa njiti ya kiberiti!). Au ni dawa: kwinini, aspirini nyingi, sindano za gentamisini. Hata hivyo, usiache dawa kabla ya kumwona aliyekuandikia.

Mlio ukiwa katika sikio moja tu, au ukienda sambamba na mapigo ya moyo, mwone mtaalamu wa masikio. Na sikio likiziba ghafla ukawa husikii, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwani dawa za steroidi huanzwa mapema.

Je, kuna tiba? Kidonge cha kuuondoa mlio hakijapatikana. Ginko, inayouzwa kwa bei ghali, ilichunguzwa na wataalamu wa Cochrane mwaka wa 2022, wasione faida ya maana. Mwaka wa 2020 walikuwa wamegundua kwamba mazungumzo na mwanasaikolojia, yanayomfunza mgonjwa kuuwazia mlio kwa namna nyingine, huenda yakapunguza usumbufu wake. Aliyepungukiwa na uwezo wa kusikia naye hupata nafuu kwa kuvaa kifaa cha kusaidia kusikia.

Usiku, usilale katika kimya kabisa. Yule fundi huwasha redio kwa sauti ya chini, na kazini sasa huvaa vizibo vya masikio. Mlio ungaliko, lakini analala.