Mbwa wa mifugo akilala njiani, mtazame kabla hujanunua dawa

MBWA wa miezi minane anatoka zizini asubuhi akirukaruka mbele ya mbuzi. Kilometa moja baadaye anabaki nyuma, anahema ingawa jua bado halijakolea, kisha analala chini ya mgunga na kukataa kuinuka. Baada ya nusu saa anaamka, anarudi nyumbani polepole na jioni anakula kama kawaida. Mchungaji anasema ni mvivu. Mwenye mifugo anasema atazoea. Wiki chache baadaye mbwa amekufa, na mtaa mzima unaamini alilishwa sumu.

Habari ya namna hii si ngeni kwa wafugaji wa maeneo makavu, kuanzia Kongwa hadi Longido. Sisi tunaohesabu mapato ya mfugaji tumezoea kuandika ng'ombe, mbuzi, kondoo na kuku. Mbwa hana mstari wake katika daftari. Lakini muulize mwenye zizi lililo jirani na makorongo ya fisi, atakwambia kwamba mbwa mmoja mzuri ni nusu ya ukuta. Akifa akiwa mchanga, mfugaji amepoteza chakula cha miezi minane na kazi ya miaka kadhaa ambayo mbwa huyo hajaianza.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba mbwa huyo akiwa nyumbani anaonekana mzima. Ndivyo inavyotarajiwa. Mbwa aliyepungukiwa damu anaweza kushinda amelala kivulini bila mtu kugundua, kwa kuwa mwili uliolala unahitaji hewa kidogo. Safari ya malishoni ndiyo inayodai damu. Kwa hiyo swali la kwanza si njiani alikanyaga nini, bali ni kitu gani alitoka nacho nyumbani.

Damu inakwenda wapi?

Mara nyingi jibu ni kupe au minyoo. Kupe hanyonyi damu tu, huacha na vijidudu. Babesia, jamaa ya wale wanaoleta ugonjwa wa mkojo mwekundu kwa ng'ombe, huvunja chembe nyekundu za damu. Mbwa anapata homa, fizi zinapauka, na mkojo unaweza kuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Mbwa mchanga anaweza kufa katika siku chache. Erlikia, anayeletwa na kupe wa kahawia wa mbwa, yeye hana haraka: anaweza kujificha kwa miezi, mbwa akikonda kidogo kidogo na pengine kutokwa na damu puani. Kupe huyu hutaga kwenye nyufa za kuta na chini ya banda, hivyo anayemwogesha mbwa na kuliacha banda amefanya nusu ya kazi.

Minyoo ya safura nayo hunyonya damu utumboni, na mtoto wa mbwa huambukizwa kupitia maziwa ya mama yake kabla hata hajafumbua macho vizuri. Ndiyo maana wataalamu wa mifugo hushauri dawa ya minyoo ianze akiwa na wiki mbili, irudiwe kila wiki mbili hadi wiki ya nane, kisha kila mwezi hadi miezi sita. Wafugaji wengi huanza hapo ambapo ratiba hiyo inaishia.

Kwenye mapori yenye mbung'o kuna nagana. Tumeizoea kama ugonjwa wa ng'ombe, lakini mbwa anaumia nayo kuliko ng'ombe. Homa inapanda na kushuka, uso unaweza kuvimba, na jicho linaingia ukungu mweupe au wa samawati. Wenye mbwa husema ametemewa mate na nyoka, wanamsafisha jicho kwa maziwa, na siku zinapita.

Kuangalia damu hakuhitaji maabara. Kama mbwa ni mpole na amechanjwa kichaa cha mbwa, inua mdomo wake wa juu uone fizi. Zinapaswa kuwa za waridi. Bonyeza kwa kidole gumba, achia, na rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Mwenye fizi nyeusi mtazame ndani ya kope la chini. Weupe kama karatasi ni hatari ya siku hiyohiyo.

Hapa lazima nitahadharishe. Mbwa anayeyumba huku taya limelegea, mate yanatoka, sauti imebadilika au anashindwa kumeza, usimtie mkono mdomoni ukidhani amekwamwa na mfupa. Huenda ni kichaa cha mbwa. Mtenge na umwite afisa mifugo. Aliyeng'atwa au kuingiwa na mate kwenye kidonda aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo bila kusubiri mbwa afanyeje.

Si kila kuanguka ni kupe

Saa ya tukio inasema mengi. Mbwa anayelegea saa saba mchana tu, huku asubuhi anakimbia na fizi zake ni nyekundu sana, huenda ameshindwa na joto. Mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39. Likipita 41, viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Mwagie maji mwili mzima hapohapo kivulini na umpepee, ndipo ufikirie usafiri.

Anayeanguka akiwa hajitambui, miguu ikipiga na mkojo ukimtoka, anaelekea kuwa na kifafa. Anayelegea ghafla kama kitambaa na kuinuka muda mfupi baadaye apimwe moyo.

Wanaofuga Labrador kwa ajili ya kuuzia walinzi wana jambo lao. Mbwa wa aina hiyo, akiwa kati ya miezi mitano na miaka mitatu, anaweza kukimbizwa kwa nguvu dakika 5 hadi 15 halafu miguu ya nyuma ikaanza kuyumba na kukosa nguvu, macho yakiwa bado yanamtazama mwenyewe. Wengi hupona wakipumzika nusu saa, wachache hufa. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walitangaza jeni inayosababisha hali hiyo, inayorithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili. Dawa ya kuiondoa haipo. Anayeendelea kupandisha mbwa wa ukoo huo kwa sababu watoto wana sura nzuri anawauzia wateja hasara.

Sindano ya ng'ombe

Makosa ya gharama kubwa zaidi hufanyika dukani. Mfugaji anaona mbwa amelegea, anachukua dawa ya nagana iliyobaki kwenye sindano ya ng'ombe. Tuseme maelekezo ni mililita 1 kwa kilo 20. Ng'ombe wa kilo 240 anapata mililita 12. Ukizidisha moja, hakuna atakayeona tofauti. Mbwa wa kilo 12 anastahili mililita 0.6. Ukimzidishia hiyohiyo moja amepata zaidi ya mara mbili na nusu, na dawa ya kundi hili ikizidi huingia kwenye ubongo: mbwa anaanza kuyumba upya, na mwenye mbwa anadhani ugonjwa umerudi. Dawa ya josho nayo, ikichanganywa kwa kukisia, humlegeza mbwa na kupunguza mapigo ya moyo. Kama aliogeshwa jana, mwambie daktari.

Tone la damu ya sikio kwenye kioo cha darubini hutofautisha babesia na nagana. Hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, inafanya kazi hiyo, na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania una vituo vya kanda, kama vile Arusha, Mwanza na Iringa. Aliye mbali aanze na afisa mifugo wa kata, akiwa na majibu haya: alilegea baada ya muda gani, saa ngapi, miguu ipi, alichukua muda gani kuinuka, na mkojo ulikuwa na rangi gani.

Baada ya miezi sita, mbwa mmoja anahitaji dawa ya minyoo mara 4 kwa mwaka, dawa ya kupe mara 12, na chanjo ya kichaa cha mbwa mara 1. Andika bei za duka la kwenu mbele ya kila namba, ujumlishe. Upande wa pili andika bei ya mbuzi mmoja mnadani, uzidishe kwa idadi ya mbuzi waliochukuliwa na fisi mwaka ambao hukuwa na mbwa.