Daftari la Bendera

Vijana wa hapa Kalemie wakisikia kwamba nilikuwa jeshini, kitengo cha kuwasaka majasusi wa adui na wanaovujisha siri zetu, huuliza jambo moja tu: "Muzee, mlikuwa na ile mashine ya kukamata waongo?" Hatukuwa nayo. Tulikuwa na meza. Anayeshuka botini tukimtilia shaka, alimwaga mezani vyote vya mfukoni, kisha akatusimulia safari yake, leo mbele, kesho kinyumenyume.

Namkumbuka mmoja aliyetoka upande wa Moba. "Papa, mimi ni muuza ndagala tu," alisema bila hata tone la jasho. Shati lake halikunuka samaki. Nikamuuliza gunia linakwenda bei gani juma hili. Akataja bei ambayo mke wangu angenunulia soko zima.

Poligrafu, ile mashine ya vijana, ingemwacha aende zake. Mirija kifuani hupima pumzi, mkanda wa mkononi hupima msukumo wa damu, vibati vya vidoleni hupima jasho. Mhoji huchanganya swali analolitaka na mengine ya kumtia mtu wasiwasi kidogo, mathalani kama amewahi kumdanganya mkubwa wake, halafu hulinganisha michoro. Kinachoandikwa pale ni mshtuko wa mwili. Mwoga asiye na kosa hushtuka, na mwongo mtulivu hashtuki. Ana Belén Montes, mchambuzi wa ujasusi wa kijeshi Marekani, alifaulu kipimo hicho mwaka 1994 huku akiitumikia Kuba. Alikamatwa Septemba 2001. Wamarekani wenyewe hawakiamini sana: mwaka 1998 Mahakama Kuu yao iliruhusu mahakama za kijeshi ziendelee kukataa matokeo yake kama ushahidi.

Wakuba tunawajua huku. Aprili 1965 Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma kuja kuwasaidia waasi. Watu wake walipewa majina ya namba za Kiswahili: Víctor Dreke alikuwa Moja, Che mwenyewe Tatu. Siri ilifichwa hata kwa waliompokea. Mwanzoni walidhani Tatu ni daktari na mkalimani tu. Kazi safi, naisifu ingawa ni ya upande mwingine.

Tarehe 29 Juni wakashambulia Bendera, kaskazini ya mji wetu, penye bwawa la umeme. Shambulio likavunjika. Wakuba 4 walikufa, na katika vitu vya marehemu askari wa serikali wakaokota daftari la kumbukumbu za kila siku. Basi, mambo yakawa peupe: mamluki wa Mike Hoare, waliokuwa upande wa serikali, wakajua kwamba wanapigana na Wakuba. Hakuna aliyehojiwa wala kufungwa waya. Mtu aliye mbali na kwao hupenda kuandika, na hilo kila ofisa wa kazi yetu alipaswa kulijua kabla ya kuwaruhusu watu wake waende vitani.

Karatasi nyingine ilipita hapa hapa, mto Lukuga unapotoka ziwani, Desemba 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mjerumani Job Rosenthal aliogelea usiku kuichungulia bandari ya Wabelgiji, akanaswa. Alikuwa ameshagundua kwamba Waingereza wamefika. Akiwa mfungwa aliruhusiwa kumwandikia mkubwa wake, Gustav Zimmer. Juu maneno ya kawaida, na ujumbe wenyewe ameuficha kwa maandishi ya mkojo. Barua ikapita. Zimmer aliipata, akasoma maneno ya juu, akaiweka. Tarehe 26 Desemba Mimi na Toutou, boti mbili za Waingereza zilizoletwa kwa reli, barabara na mto kutoka kusini mwa Afrika, ziliiteka meli yake Kingani. Ujumbe wa mkojo uligunduliwa miezi kadhaa baadaye. Huyo aliyeipitisha barua, kwangu mimi angelala mahabusu. Alinusurika kwa kuwa mpokeaji alikuwa mzembe kuliko yeye.