KIBAYA CHAJITEMBEZA: Ni ipi sinema mbovu kuliko zote za makauboi wa Italia?

Na MWANDISHI WETU

WAULIZE mashabiki wa sinema za makauboi zilizotengenezwa na Waitaliano ni ipi iliyo bora kuliko zote, na mjadala utakwisha kabla chai haijapoa. Wengi watamtaja Sergio Leone na sinema yake ya 1966, The Good, the Bad and the Ugly. Wachache watamtetea Sergio Corbucci. Basi.

Lakini waulize ni ipi iliyo mbovu kuliko zote, nawe utakesha. Hapo ndipo watu wazima wenye mvi hupandishiana sauti kuhusu sinema ambazo huenda hata walioziigiza walikwisha kuzisahau.

Kwa nini watu wagombanie kilicho kibaya? Jibu ni kwamba kizuri hakina ubishi. Kibaya ndicho kinachomlazimisha mtu aeleze anapimia nini, na hapo kila mmoja huja na kipimo chake.

Sinema hizi ziliitwa "spageti", kwa jina la chakula cha Waitaliano kilicho jamaa ya tambi zetu. Jina hilo lilianza kama kejeli. Itakuwaje kauboi wa Texas aigizwe na kijana wa Roma, akipanda farasi katika jangwa la Tabernas, huko Almería, kusini mwa Uhispania? Kejeli ilikwisha, jina likabaki.

Mambo yalianza kupamba moto mwaka wa 1964, Leone alipotoa A Fistful of Dollars. Iligharimu takribani dola 200,000, na staringi wake, Clint Eastwood, ambaye wakati huo alijulikana kwa mchezo wa televisheni tu, alilipwa dola 15,000. Leone mwenyewe alijificha nyuma ya jina la Bob Robertson, ili watazamaji wadhani ni kazi ya Mmarekani.

Isitoshe, hadithi yenyewe ilifuata nyayo za Yojimbo, sinema ya Mjapani Akira Kurosawa ya 1961. Wajapani walidai haki yao, na mwishowe wakapewa asilimia 15 ya mapato pamoja na haki ya kuisambaza Japani, Korea Kusini na Taiwan.

Kwa hivyo mtindo huu wote ulisimama juu ya jina la bandia na hadithi ya kuazima. Ni vyema msomaji alikumbuke hilo kabla hatujaanza kuwanyoshea wengine kidole.

MBIO ZA PESA

Sinema hiyo iliingiza pesa nyingi, na watayarishaji wa Roma wakakimbilia huko kama nzi kwenye kidonda. Katika muda wa miaka 15 hivi zilitengenezwa sinema zipatazo 500 za aina hiyo, na baadhi zilifika hadi katika kumbi za Afrika Mashariki.

Gharama zilibanwa kila upande. Sauti haikurekodiwa wakati wa kupiga picha. Kila mwigizaji alisema kwa lugha yake, Mwitaliano kwa Kiitaliano, Mmarekani kwa Kiingereza, kisha maneno yakabandikwa baadaye studioni. Ndiyo maana midomo na maneno mara nyingi havipatani.

Hata ule upana wa picha uliosifiwa sana ulitokana na ubahili. Ufundi ulioitwa Techniscope ulitumia nusu tu ya filamu ambayo kwa kawaida ingehitajika kwa kila picha.

Tena, si kila sinema ilikusudiwa majumba makubwa ya mjini. Italia ilikuwa na kumbi za daraja la kwanza, la pili na la tatu. Kumbi za daraja la tatu zilikuwa vijijini na mitaani, kiingilio kilikuwa nafuu, na sinema zilibadilishwa haraka. Kumbi hizo zilihitaji kulishwa, na njaa haichagui chakula.

FUNDI WA VIRAKA

Kundi la kwanza la mashabiki hupima kwa ufundi. Hawa wana mshtakiwa wao mkuu: Demofilo Fidani.

Fidani alikuwa fundi wa kupamba mandhari ya sinema kabla hajawa mwelekezi. Tangu 1968 hadi mapema miaka ya 1970 alitoa sinema za makauboi mfululizo, nyingi zikiwa na jina lake la bandia, Miles Deem. Mkewe, Mila Vitelli, alishughulikia mavazi na kusaidia kuandika hadithi. Simonetta, binti wa nyumba hiyo, aliigiza kwa jina la Simone Blondell. Ilikuwa kama duka la familia.

Mashtaka dhidi yake ni mengi. Watu wanapanda farasi kwenda, wanapanda farasi kurudi, na hadithi haijasogea. Vipande vya picha vilivyotumika katika sinema moja hujitokeza tena katika nyingine. Lililo baya zaidi, wanasema, ni majina. Mwaka wa 1970 alitoa sinema mbili zenye majina ya Django na Sartana kwa pamoja, ilhali mashujaa hao wote wawili walikuwa wamepewa umaarufu na waelekezi wengine. Leone alipotoa Giù la testa mwaka wa 1971, Fidani naye alikuja na Giù la testa... hombre mwaka uo huo!

Lakini sikiliza utetezi. Katika mojawapo ya zile sinema mbili za 1970, Arrivano Django e Sartana... è la fine, mwigizaji Gordon Mitchell anacheza jambazi anayepiga karata peke yake mbele ya kioo, mpinzani wake akiwa ni kivuli chake mwenyewe. Aliyewahi kuiona hasahau. Mtu asiye na pesa, asiye na wakati, bado alipata wazo. Je, huyo ndiye mbovu kuliko wote?

JINA LA KUAZIMA

Kundi la pili hupima kwa uaminifu. Kwao, sinema ya maskini inaweza kusamehewa, ila si sinema ya mlaghai.

Mfano wao ni Django. Corbucci aliitoa mwaka wa 1966, Franco Nero akiwa mtu anayeburura jeneza lenye bunduki ya rashasha ndani yake. Baada ya hapo jina hilo likawa kama chapa ya sabuni. Wasambazaji, hasa wa Ujerumani, walilibandika kwenye makumi ya sinema zisizo na uhusiano wowote na ile ya kwanza. Mtu alilipa kiingilio kumwona Django akamkuta mgeni. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapa kibaya kilijitembeza kwa nguo za kuazima.

Ubishi huwa mkali zaidi inapotajwa Django Strikes Again ya 1987. Hiyo ilikuwa na jina halali na Franco Nero mwenyewe, sasa akiwa mtawa anayerudia silaha baada ya binti yake kutekwa. Wengi waliisubiri kwa hamu, na wengi walivunjika moyo. Wakosoaji wake huuliza: yupi mwenye kosa kubwa, Fidani aliyeiba jina akiwa mikono mitupu, au waliopewa jina, mwigizaji na nafasi, wasifanye cha maana?

Zipo pia zinazogawanya watu sawa kwa sawa. Katika White Comanche ya 1968, iliyotengenezwa Uhispania, William Shatner wa Star Trek anaigiza ndugu wawili mapacha wanaochukiana. Katika Get Mean ya 1975, Tony Anthony ni kauboi wa Marekani anayempeleka binti wa kifalme Uhispania, akajikuta anapigana na mashujaa wa kale wenye mikuki na panga. Mmoja husema ni upuuzi mtupu. Mwingine husema hajawahi kucheka hivyo maishani.

UBAYA WA MOYO

Kundi la tatu ni dogo, lakini hoja yake ni nzito. Hawa hawajali farasi wanaorudiwarudiwa wala midomo isiyopatana na sauti. Wanauliza jinsi binadamu walivyoonyeshwa.

Katika nyingi ya sinema hizi, mwanamke hubakwa au kuuawa ili shujaa apate sababu ya kulipiza kisasi, kisha habari zake huishia hapo. Watu wa Mexico huonyeshwa kama kundi la kucheka ovyo na kufa kwa mamia. Kwa kipimo hiki, sinema yenye picha nzuri na muziki mtamu inaweza kuwa mbovu kuliko kiraka chochote cha Fidani, na hata baadhi ya zile zinazosifiwa hazisalimiki. Hapo ndipo wabishi wengi hunyamaza kidogo.

Kabla ya hukumu, kuna jambo la haki. Wengi waliozitukana sinema hizi waliziona katika kanda za video zilizokatwa. Picha pana ilikatwa pande zote mbili ili ienee kwenye televisheni, hata katika pambano la bastola mtu alimwona mpigaji asimwone anayepigwa. Baadhi zilikatwa na wasambazaji, nyingine zikazuiwa kabisa. Django haikupata kibali Uingereza hadi mwaka wa 1993. Nakala safi zilipoanza kutoka, sinema kadhaa zilizodharauliwa zilipata heshima. Si haki kumhukumu mtu kwa ushahidi uliochanwa.

Basi ni ipi iliyo mbovu kuliko zote? Kwa maoni yangu, umaskini si kosa. Mtazamaji wa ukumbi wa daraja la tatu aliyetoa senti zake alidai mambo mawili tu: asidanganywe, na asidharauliwe. Fidani alikosea katika la kwanza, lakini katika la pili ana utetezi, kwa sababu alijaribu. Sinema mbovu kuliko zote ni ile iliyokuwa na uwezo ikamwona mtazamaji kuwa mjinga, au ikamwona binadamu kuwa takataka.

Ukitaka kuhakikisha, jaribu hivi. Jumamosi moja tazama The Good, the Bad and the Ugly, na Jumamosi ifuatayo utazame moja ya Fidani. Utamheshimu Leone zaidi, maana utaona jinsi jangwa lilelile, kofia zilezile na bastola zilezile zinavyoweza kuwa si kitu mikononi mwa mwingine. Ukifika kwenye kioo na karata, usizime. Hapo ndipo ubishi unapoanza.