Ndugu wa Mtoto Mwenye Usonji Naye Ana Haki

Katika nyumba yenye mtoto mwenye usonji, mgeni akiingia huulizia hali za watu wawili: mtoto mwenyewe na mama yake. Ni maulizo ya heri, na mwenye kuyatoa ana ujira wake in shaa Allah. Lakini nyumbani humo mna watoto wengine, wale wanaopokea mabuibui ya wageni na kuleta sinia la kahawa, ambao ni nadra kuulizwa kitu. Sisi tulikuwa watoto hao. Tulizaliwa wanne katika Mji wa Kale wa Mombasa, na wa tatu wetu ana usonji. Leo sote ni watu wazima na baadhi yetu ni wazazi. Tumeona vyema kuwaandikia wazazi wenzetu juu ya malezi ya wale watoto ambao husemwa kwamba "hawana tatizo".

Mtoto asiyeambiwa hujitungia

Usonji si wazimu, wala hauambukizi. Ni tofauti katika ukuaji wa ubongo, ambayo humfanya mtu auone, ausikie na auelewe ulimwengu kwa namna yake. Mmoja huchelewa kusema au hasemi kabisa. Mwingine husema sana, lakini juu ya jambo moja tu. Yuko apangaye vifuniko vya chupa kwa mstari tangu asubuhi hadi jioni, na yuko ambaye mlio wa ngoma ya harusi humuumiza masikio kama mwiba. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 katika kila watu 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa kadiri hiyo, mtaa wenye watu elfu moja waweza kuwa na wapatao wanane.

Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alipoieleza hali hii mwaka 1943, aliandika habari za watoto 11. Kwa miaka mingi baadaye, baadhi ya wataalamu wa huko walidai kwamba chanzo chake ni mama asiye na mapenzi kwa mwanawe. Mwaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwanawe mwenyewe alikuwa na usonji, alitoa kitabu kulipinga dai hilo, na leo limekwisha kutupwa. Hapa Pwani mama huambiwa kwamba mtoto amepigwa na jini, au amepatwa na kijicho, au kwamba yeye mama alikosea jambo alipokuwa mjamzito. Maneno ni mengine, lawama ni ile ile. Wala haisikiwi na mama peke yake. Mtoto wa miaka saba aliyejikunja kwenye mkeka husikia hale zake wakinong'ona, na huenda nayo kitandani.

Mtoto asiyeambiwa ukweli hujitungia wake. Hujiuliza: je, ni kwa sababu nilimsukuma akaanguka? Je, nami nitakuwa hivyo? Kwa hiyo aambiwe mapema, kwa kiasi cha umri wake. Wa miaka mitano yamtosha kujua kwamba nduguye huumizwa na kelele, na kwamba hakuna aliyemfanya awe hivyo. Wa miaka kumi apewe jina lenyewe, usonji, ili akiulizwa madrasa awe na jawabu. Hapo wenzake wakicheka, atakuwa na la kusema badala ya kuinamisha kichwa.

Na wazazi wenyewe wana la kujua. Watafiti waliowafuatilia watoto wachanga wenye kaka au dada mkubwa mwenye usonji wamekuta kwamba karibu 1 kati ya 5 naye huwa nao. Basi mdogo aangaliwe kwa makini. Akitimiza mwaka naye haitiki jina lake, au akifika mwaka na nusu naye haonyeshi kitu kwa kidole, apelekwe kwa daktari wa watoto pasi na kungoja.

Mtoto asiyesumbua

Mama aliyelemewa humwona mtoto mtulivu kuwa ndiye pumziko lake, na mtoto huyo hulijua hilo upesi. Hujifunza kutougua, kutodai viatu vipya, kutoeleza kwamba mwalimu amemchapa. Huja na cheti cha nambari ya kwanza siku ambayo sahani imerushwa ukutani, na cheti hicho huingia mkobani kikalala. Wengi humsifu kwa adabu yake. Huenda ni adabu, na huenda ni mtoto aliyehesabu akaona nyumba haina nafasi ya haja zake.

Mtoto huyu aweza kumpenda nduguye na kumkasirikia katika magharibi moja. Akisema, "Nimechoka naye," jawabu la haraka ni kumwambia kwamba mwenzake ni wa kuhurumiwa na yeye mzima ashukuru. Maneno hayo ni ya kweli, lakini humfunga kinywa, na siku ya pili hatasema tena. Mama yetu alikuwa na jawabu jingine. Alisema, "Hata mimi leo nimechoka, mwanangu. Njoo ukae." Hatukumbuki kwamba alipata kutukemea kwa kuchoka.

Qurani Tukufu imetusimulia kisa cha Nabii Yusuf (A.S.) na nduguze, na jinsi dhana tu ya kwamba baba anampenda mmoja zaidi ilivyowafikisha kisimani. Katika hadithi iliyopokelewa na Bukhari na Muslim, babake Nu'man bin Bashir alimpa mwanawe huyo zawadi, akamwendea Mtume (S.A.W.) ili awe shahidi. Mtume alimuuliza kama amewapa watoto wake wote mfano wake; alipojibu kuwa hapana, alimwamuru amche Mwenyezi Mungu na awafanyie watoto wake uadilifu.

Uadilifu huu haumaanishi kwamba kila shilingi ya matibabu ya mmoja ilipwe shilingi kwa mwingine. Matumizi ya lazima hufuata haja: mwenye homa hununuliwa dawa, na wenzake hawadai dawa. Watoto hulielewa hilo wakifafanuliwa. Lakini muda wa mzazi, macho yake na tabasamu lake navyo ni vipawa, na hivi ndivyo humalizikia kwa mmoja bila ya mtu kukusudia. Kwetu, kila Ijumaa baada ya Alasiri mmoja wetu alikuwa na zamu ya kutembea na mama hadi ufukoni Lighthouse, kula mihogo ya kukaanga na pilipili, naye baba akibaki nyumbani na ndugu yetu. Hatukuzungumza makubwa. Ilitutosha kujua kwamba zamu yetu itafika.

Dada si mama wa pili

Mzigo huu huwaangukia zaidi watoto wa kike. Msichana wa miaka tisa hulisha, huogesha, hubadilisha nguo, na madrasani huitwa atoke darasani kumtuliza nduguye, hali ya kuwa kaka zake wako uwanjani wakicheza mpira.

Hatusemi kwamba asaidie mtu asisaidie. Kusaidia kumetufunza subira, na kumetupa jicho la kuona haja ya mtu asiyeweza kuisema. Lakini tumtazame dada yake Nabii Musa (A.S.). Mama yake alimtuma akifuate kisanduku mtoni; akatazama kwa mbali, akasema neno lililohitajika mbele ya watu wa Firauni, na mtoto akarudishwa kwa mama yake. Kazi yake ilikuwa na kiasi, ilikuwa na mwisho, na malezi yakabaki kwa mzazi. Hivyo kila umpapo binti yako kazi ya nduguye, jiulize: inalingana na umri wake? Itakwisha saa ngapi? Na kaka zake wana fungu gani?

Kisha binti hukua, na posa huja. Hapo ndipo mtihani, kwa kuwa ziko nyumba ambazo mtoto mwenye usonji hufungiwa chumba cha nyuma hadi wageni waondoke. Walipokuja kumposa dada yetu mkubwa, baba alimtoa ndugu yetu, akamkalisha pamoja nasi, akamtaja kwa jina lake kama alivyotutaja sote. Watu wa kwanza hawakurudi. Wa pili walirudi, na aliyeposa ndiye shemeji yetu leo. Ndugu yetu humpangia viatu vyake mlangoni kwa jozi kila ajapo. Siku ile tulifunzwa na baba, bila ya hotuba, kwamba katika nyumba yetu hakuna mtu wa kufichwa.

Kesho ya wazee wakiondoka

Liko swali ambalo kila ndugu hulibeba tangu utotoni: baba na mama wakifa, nani atakaa naye? Mara nyingi halisemwi, na kutosemwa kwake huwa ndiko kumteua binti ambaye hajaolewa. Wazazi waliseme wangali na afya. Wakae na watoto wakubwa, wa kiume na wa kike, wagawane wajibu kwa hiari na kwa wazi. Waandike anachokula, kinachomtisha, dawa zake, na kinachomtuliza. Wamsajili kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Na wakumbuke kwamba ulemavu haupunguzi fungu la mtu katika mirathi. Fungu lake ni kamili, na wa kumsimamia mali yake apangwe mapema kwa ushauri wa Kadhi, lisije likaliwa.

Jambo la mwisho ni wenzake. Huko Seattle, Marekani, Don Meyer alianzisha mwaka 1982 mikutano ya watoto wenye ndugu walemavu, wakutane wacheze na kuzungumza. Na Uingereza mwaka 2001 iliundwa jumuiya iitwayo Sibs kwa ajili ya ndugu kama hao. Sisi tulikuwa watu wazima tulipokutana mara ya kwanza na mtu mwingine wa namna yetu, katika harusi. Alituambia kwamba kaka yake hanywi maji ila kwa kikombe kimoja cha buluu, na kwamba kikombe hicho kikivunjika nyumba nzima haitalala. Tulicheka sote hadi machozi, kwa kuwa kwetu kilikuwa cha kijani. Miaka mingi ya kudhani kwamba ni sisi peke yetu ilikwisha katika kicheko hicho. Jambo hili halihitaji jengo wala mfadhili. Madrasa moja ikitoa Jumamosi moja ya mwezi, na mwalimu mmoja mpole akikaa nao, watoto wetu hawatangoja muda wote huo.

Mama msomaji, baba msomaji, usiku wa leo mwenye kelele akishalala, kaa kwenye kitanda cha yule asiyesumbua, umuulize siku yake ilikuwaje. Pengine atasema "njema" akageukia ukutani. Muulize tena kesho.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awape wazazi nguvu na ujira, awajaalie watoto wetu wote wawe vitulizo vya macho yetu, na asimwache hata mmoja wao akajiona amesahauliwa. Amin.