Baiskeli ya enduro: bei ya dukani ni mwanzo tu

Mkulima wa ekari mbili hanunui trekta kubwa kwa sababu tu lina nguvu. Hesabu hiyo inamhusu pia mnunuzi wa baiskeli ya mlimani aina ya enduro, ambayo shokapu zake hucheza kiasi cha milimita 150 hadi 180.

Katika mashindano ya enduro, muda hupimwa kwenye miteremko, lakini mlima mwendeshaji huupanda kwa miguu yake mwenyewe. Kwa hiyo baiskeli hujengwa kuhimili mawe na mizizi. Kwenye barabara tambarare uimara huo ni mzigo: baiskeli ni nzito na matairi mapana huivuta nyuma.

Halafu kuna matunzo. Baadhi ya watengenezaji huagiza shokapu za mbele zifunguliwe na kubadilishwa mafuta kila baada ya saa 50. Anayeendesha saa 4 kwa wiki atalipia kazi hiyo mara 4 kwa mwaka, mbali na pedi za breki, cheni na matairi.

Huko Whistler, Kanada, ambako lifti za watelezaji wa theluji hupandisha baiskeli majira ya joto, fedha hiyo ina kazi. Asiye na mlima karibu, heri akodi kwanza.